Anayezuru mashambani asimwachie mkulima hasara

ALFAJIRI ya Julai 7, 2020, vizuizi vilivyokuwa vimelizingira jiji la Nairobi na viunga vyake kwa miezi mitatu viliondolewa. Tangu Aprili 6 mwaka huo, msafiri wa kawaida hakuruhusiwa kuvuka Daraja la Chania mjini Thika, wala kupita Athi River kuelekea Ukambani, wala Rironi kuelekea Bonde la Ufa. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zilifungwa siku mbili baadaye, na Mandera ikafuata. Marufuku ilipoondolewa na mabasi yakaanza kupata vyeti vya Wizara ya Afya, abiria walimiminika kuelekea mashambani. Wapo waliokwenda kuwaona wazazi, wapo waliokwenda kwenye makaburi ya jamaa waliozikwa wao wakiwa wamefungiwa mjini, na wapo waliokuwa wamepoteza kazi na hawakuwa tena na pesa za kodi ya nyumba.

Maagizo hayo sasa ni historia. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, sharti la kuvaa barakoa hadharani likaondolewa Machi 2022, na Shirika la Afya Duniani likatangaza Mei 2023 kwamba Covid-19 haikuwa tena dharura ya kimataifa. Lakini safari za kwenda mashambani hazikuisha. Kila Aprili, kila Agosti na kila Desemba msafara ni ule ule. Kinachosikitisha ni kwamba somo la mwaka 2020 limesahaulika upesi mno, na anayelipia usahaulifu huo ni mkulima.

Somo lenyewe ni rahisi. Anayetoka mjini kwenda kijijini hafiki mahali pa mapumziko tu. Anaingia mahali pa kazi pa mtu mwingine. Boma ni kiwanda, zizi ni akiba ya benki, ghala ni mshahara wa miezi ijayo, na wazee wanaoketi kivulini ndio mara nyingi wenye shamba na wasimamizi wake. Mgeni akiingia hapo kiholela, anaweza kuondoka siku ya tatu akiwa amefurahi na kumwachia mwenyeji hasara ya mwaka mzima.

Mgeni ni soko

Ni vyema kuanza na upande wa heri. Hakuna mkulima wala mchuuzi aliyefurahia barabara kufungwa. Ni kweli kwamba serikali iliruhusu malori ya chakula na mizigo mingine kuendelea kupita. Lakini lori la mizigo halisimami kununua karoti fungu moja. Wachuuzi wa Soko Mjinga kando ya barabara kuu ya Nairobi-Nakuru, wauzaji wa nyama choma kule Kikopey na akina mama wanaouza matunda Emali na Mtito Andei wanategemea abiria: mtu anayeshuka dakika kumi, akanunua kabeji mbili, kilo ya njegere na mfuko wa machungwa, kisha akaendelea na safari. Abiria alipotoweka, kipato cha wachuuzi hao kilitoweka naye.

Pia mgeni huleta fedha kijijini. Hulipa bodaboda, hununua sukari na mafuta ya taa katika duka la jirani, humlipa fundi wa kurekebisha paa la mama, na mara nyingi huacha kitu mkononi mwa mzee. Katika vijiji vingi mwezi wa Desemba ndio mwezi wa mavuno kwa mwenye duka. Kwa hivyo hakuna mwenye akili timamu anayeweza kusema wageni wasije. Wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo, methali hiyo ina sharti ndani yake. Mwenyeji apone. Ikiwa mgeni anakuja na mwenyeji anaugua, mifugo inakufa na ghala linabaki tupu, basi methali imegeuzwa kichwa chini.

Afya ya wazee ni mtaji wa shamba

Covid-19 ilionyesha jambo ambalo wengi hawakuwa wamelifikiria: nani hasa anayeendesha kilimo cha nchi hii. Vijana wengi wako mijini. Waliobaki na chai, kahawa, ng'ombe wa maziwa na mahindi ni watu wa makamo na wazee, na hao ndio ugonjwa huo uliowapiga kwa ukali zaidi. Mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu akiambukizwa na mjukuu aliyetoka mjini bila dalili yoyote, familia inapoteza mzazi, na shamba linapoteza anayejua mpaka uko wapi, ng'ombe gani ana mimba na deni gani halijalipwa katika chama cha ushirika.

Na hasara haiishii nyumbani. Juni 2021, baada ya maambukizi kupanda magharibi mwa nchi, serikali iliweka masharti maalumu katika kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na sehemu ya Bonde la Ufa, zikiwemo Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Bungoma, Kericho na Trans Nzoia. Kafyu ilirudishwa saa moja jioni. Masoko ya mifugo na yale ya bidhaa zisizo chakula yalifungwa kwa siku 30. Mtu aliyekuwa amenenepesha fahali wawili ili alipe karo alibaki nao zizini wakila majani, na mshonaji aliyetegemea siku ya soko alikaa na nguo zake nyumbani.

Huo ndio uhusiano ambao mkulima anapaswa kuuona waziwazi. Ugonjwa ukiingia kijijini, soko hufungwa. Mgeni anayejihadhari anamlinda bibi yake na pia anailinda siku ya soko ya kijiji kizima.

Leo hakuna anayedai cheti cha kusafiri. Lakini mafua, kifua kikuu na kipindupindu bado vinapanda gari kama watu. Mwishoni mwa Julai 2024, kisa cha kwanza cha ugonjwa wa mpox nchini kiligunduliwa kwa msafiri aliyekuwa akipita mpakani Taveta. Kwa hivyo anayejisikia homa, anayekohoa au anayeharisha, aahirishe safari. Pesa za matumizi zinaweza kutangulia kwa simu. Mwaka 2020 kampuni ya Safaricom iliondoa ada ya kutuma Sh1,000 au chini ya hapo kupitia M-Pesa kuanzia Machi hadi mwisho wa mwaka, na familia nyingi zikagundua kwamba mzazi anaweza kutunzwa vizuri hata kabla ya mtoto kufika. Ada zilirudi, lakini njia hiyo bado ipo.

Viatu, kuku na miche

Ikiwa hatari kwa binadamu imesahaulika, hatari kwa mifugo na mimea haijawahi hata kufikiriwa na wageni wengi. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo hubebwa na viatu, nguo na magurudumu ya gari. Mtu anayepita katika soko la mifugo asubuhi, akala nyama choma mchana, kisha akaingia katika zizi la ndugu yake jioni ili aone ndama mpya, anaweza kuwa ameingiza ugonjwa utakaokausha maziwa na kufanya eneo zima liwekewe karantini. Karantini ikitangazwa, hakuna anayeuza ng'ombe, hata yule ambaye mifugo wake ni wazima.

Uingereza ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2001 ugonjwa huo ulipozuka, zaidi ya mifugo milioni sita waliuawa, na njia za miguu zinazopita mashambani zikafungwa kwa umma. Wenye hoteli ndogo na maduka ya vijijini, ambao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja, walipata hasara kwa kukosa watalii. Nchi hiyo ina kanuni za wageni wa mashambani tangu mwaka 1951: funga lango ulilolikuta limefungwa, dhibiti mbwa wako, rudi na taka zako. Kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho Aprili 2021, wakati masharti ya corona yalipokuwa yakilegezwa na watu wa mijini wakimiminika mashambani. Si lazima Kenya iige kila kitu kutoka huko, lakini wazo la kuwa na kanuni zinazojulikana na kila mtu, mwenyeji na mgeni, ni la kuigwa.

Hapa nchini hatari kubwa zaidi huenda ikawa ni kuku. Msimu wa sikukuu kuku huhama kuliko wakati mwingine wowote: hununuliwa sokoni, hufungwa miguu, husafirishwa juu ya basi na kupelekwa zawadi. Kuku mmoja mwenye kideri akiachiliwa katika boma lenye kuku wasiochanjwa, anaweza kuua karibu wote katika muda wa siku chache. Kuku wa kienyeji ndio benki ya akina mama wengi. Ndiye anayeuzwa mtoto anapohitaji kalamu na sare. Chanjo ya kideri ipo, si ghali, na ile ya tone la jichoni haihitaji utaalamu mkubwa. Mfugaji mwenye busara huwachanja kuku wake wiki tatu hivi kabla ya msimu wa wageni, na kuku yeyote mgeni humtenga kwa angalau wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine.

Nguruwe nao wana tishio lao. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921, haina tiba. Virusi vyake huweza kuishi katika nyama na soseji zisizopikwa vya kutosha. Mgeni anayefika na soseji kutoka mjini, kisha mabaki yakatupwa katika chakula cha nguruwe, anaweza kumaliza mradi wa kijana aliyekopa fedha kuuanzisha. Mabaki ya nyama ya nguruwe yasilishwe nguruwe. Ikibidi kuwalisha mabaki mengine ya jikoni, yachemshwe kabisa.

Kuhusu mimea, tabia ya kubeba miche katika buti la gari imeenea mno. Mtu anaona mgomba mzuri kwa shemeji yake upande mmoja wa nchi, anang'oa chipukizi, anakwenda kulipanda kwao upande wa pili. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria huenea namna hiyo hiyo, na pia kwa panga lililotumika kukata mgomba mgonjwa. Vivyo hivyo mihogo na mashina ya viazi vitamu hubeba virusi ambavyo jicho halivioni. Miche inunuliwe katika vitalu vinavyokaguliwa. Zawadi ya mche usiojulikana afya yake si zawadi.

Bei ya ndugu

Jambo la tatu huzungumzwa kwa minong'ono tu, nalo ni ghala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 2020 wageni hawakukaa siku mbili. Shule zilifungwa katikati ya Machi na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 4, 2021, na watoto wengi wa mijini walikaa kwa nyanya zao kwa miezi. Vizuizi vilipoondolewa Julai, wazazi wao nao wakafuata. Julai ni mwezi mgumu katika maeneo kama Trans Nzoia na Uasin Gishu: mahindi ya mwaka uliotangulia yanaelekea kwisha na mapya bado yako shambani.

Hesabu yake si ngumu. Familia ya watu sita ikitumia kilo mbili za unga kwa siku, kwa wiki mbili itakuwa imekula kilo 28, ambazo ni karibu theluthi ya gunia la kilo 90. Hapo bado hapajahesabiwa maharagwe, maziwa, kuni na jogoo wawili waliochinjwa kwa heshima. Kisha siku ya kuondoka, buti linafunguliwa: nusu gunia la viazi, mkungu wa ndizi, trei mbili za mayai, parachichi na kuku watatu. Hakuna anayeuliza bei. Hiyo ndiyo inayoitwa bei ya ndugu, na maana yake ni bure.

Mgeni huyo huyo akirudi mjini hununua viazi kwa mama mboga bila kulalamika, na humlipa mchuuzi faida juu ya faida ya dalali. Kwa nini amnyime mzazi wake bei ambayo anampa mtu asiyemjua? Ukarimu ni mila nzuri na hakuna anayetaka ife. Mzee akitaka kumpa mwanawe kuku, na ampe. Lakini kinachozidi zawadi kilipwe, tena kwa bei ya sokoni. Na anayejua kwamba atakaa wiki mbili afike na unga, mafuta na sabuni, na avinunue katika duka la kijiji badala ya kuvibeba kutoka supamaketi ya mjini. Hapo atakuwa amelisaidia ghala la mzazi na mwenye duka kwa wakati mmoja.

Wafanyabiashara wadogo nao wana wajibu wao. Tabia ya kupandisha bei ya nauli, nyama na soda mara mbili kwa sababu "watu wa Nairobi wamefika" huumiza zaidi majirani wanaoishi hapo mwaka mzima, na humfundisha mgeni kubeba kila kitu kutoka mjini mwaka unaofuata. Anayeuza kwa bei ya haki, kwa mizani sahihi na kwa usafi, huombwa nambari ya simu. Wapo wakulima ambao baada ya ziara moja wamepata wateja wa kudumu wanaowatumia oda ya mayai au parachichi kila mwisho wa mwezi. Huyo ndiye mgeni anayemponya mwenyeji hata akiwa mbali.

Lango, maji na nepi

Yapo pia mambo madogo yanayoleta uhasama mkubwa. Gari linaloegeshwa katika njia ya shamba huzuia mkokoteni wa maziwa kufika kwa wakati, na maziwa hayangoji. Lango linaloachwa wazi huwapa ng'ombe nafasi ya kuingia katika mahindi ya jirani, na kesi hupelekwa kwa chifu. Watoto wa mjini wanaocheza ndani ya mboga hawana kosa. Mwenye kosa ni mzazi ambaye hakuwaambia kwamba sukuma wiki ile ni karo ya mtu.

Taka ni kilio cha pekee. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, lakini chupa za plastiki, karatasi za biskuti na nepi za watoto bado hufika kwa wingi, na kijijini hakuna lori la kuzoa taka. Nepi ikitupwa mtoni, mtu wa chini hunywa maji hayo. Plastiki ikibaki malishoni, ng'ombe huimeza na huweza kufa tumbo likiwa limeziba. Aliyekuja na gari lililojaa hashindwi kurudi na mfuko mmoja wa taka.

Mwenyeji naye aseme

Kuna wale watakaosema kwamba maneno haya ni ya kizungu; kwamba mtu haendi kwao kwa masharti, na kwamba mama hawezi kumwambia mwanawe anawe miguu kabla ya kuingia zizini. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa sababu kijiji hakiendeshwi kama hoteli. Lakini mila zenyewe zilikuwa na masharti tele. Katika jamii nyingi za wafugaji mgeni hakuingia zizini bila ruhusa, na kuuliza idadi ya ng'ombe wa mtu lilikuwa kosa. Hakuna aliyeingia ghalani mwa mwenzake. Waliosahau mila ni wale wanaoingia kila mahali na viatu vya barabarani, wakipiga picha.

Na mwaka 2020 ulithibitisha kwamba masharti yanawezekana. Wazee waliweka maji na sabuni langoni, watoto wao wakanawa bila kununa, na hakuna undugu uliovunjika kwa sababu hiyo. Karai lile lile lililokuwa langoni sasa linaweza kuwekwa mlangoni pa zizi na banda la kuku likiwa na maji yenye dawa ya kuua viini, ibadilishwe kila inapochafuka. Jozi mbili za gambuti za wageni zinaweza kutundikwa kando ya mlango. Na simu moja wiki mbili kabla ya safari yatosha kusema: tutafurahi mje, msilete kuku, njooni na unga, na mwenye homa apone kwanza.

Maafisa wa kilimo na mifugo wa kaunti, machifu na viongozi wa makanisa na misikiti wanaweza kulisaidia jambo hili. Tangazo fupi la dakika mbili katika ibada za mwisho wa Novemba, au katika redio za lugha za mama, lingewafikia wenyeji na wageni kabla ya magari kuondoka mjini. Halihitaji sheria mpya wala bajeti.

Miezi mitatu ya vizuizi iliwafanya watu wa mjini kutamani sana kurudi nyumbani. Nyumbani huko ndiko kunakotoka chakula chao, na kunalindwa na watu wachache wenye mikono iliyochoka. Anayekupenda kwa dhati hubisha hodi, hunawa, hununua kwa bei ya haki, hufunga lango nyuma yake, na hushika jembe siku ya tatu bila kungoja kupewa.